Roketi Nafuu, Ardhi ya Wengine
Wiki hii pale Kibaoni, Ifakara, nilimkuta fundi akifunga mota ya waipa ya gari kwenye mashine ya kutotolea vifaranga ili igeuze mayai, nikamkumbuka Lutz Kayser. Mjerumani huyu, mzaliwa wa Stuttgart, aliunda kampuni ya OTRAG miaka ya 1970 akitaka roketi za bei nafuu: mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na mota za waipa zikifungua valvu za mafuta. Kwa akili hiyo namvulia kofia. Nawapenda watu wanaokataa kuamini kwamba kitu bora lazima kiwe ghali. Lakini uwanja wa majaribio alipewa na Mobutu, mtawala wa Zaire (Kongo ya sasa), huko jimboni Shaba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika: kilomita za mraba 100,000, eneo linaloushinda kwa ukubwa mkoa wetu wote wa Morogoro. Roketi ya kwanza iliruka 1977. Ya tatu, 1978, ilianguka Mobutu mwenyewe akitazama. Mwaka 1979 kampuni ikafukuzwa, ikahamia Libya ya Gaddafi. Kayser alifariki 2017. Fundi hodari si lazima awe jirani mwema. Sisi wa bonde la Kilombero, ambako ardhi hugawiwa wawekezaji kwa maelfu ya hekta, tunaujua uzito wa jambo hili: uvumbuzi unaompita mwenyeji ukaenda kusainiwa kwa mtawala haustahili kuitwa maendeleo, hata ukifika angani. Kabla ya kuuliza mashine itafanya nini, tuulize kwanza wenye ardhi walikubali lini.