Andiko Si Jiwe la Kurushiana

Mijadala ya wakanamungu na Wakristo kuhusu Biblia imekuwa mingi siku hizi, na mimi ni mfuatiliaji wake mzuri tu. Nimeifuatilia hadi sasa naweza kukutabiria itakavyokwenda kabla haijaanza.

Mkanamungu ataanza na Kutoka 21, pale sheria inapokubali mtu kummiliki mtumwa. Mkristo atajibu kwa Zaburi 14, ile inayomwita mpumbavu mtu anayemkana Mungu moyoni mwake. Mkanamungu atauliza Yuda Iskariote alikufaje: alijinyonga kama Mathayo 27 inavyosema, au alianguka akapasuka kama tunavyosoma katika Matendo 1? Mkristo atasema mambo haya huwezi kuyaelewa bila Roho Mtakatifu. Hapo ndipo matusi yanapoanza, na kila upande unaondoka ukijihesabia magoli.

Kwetu Tanzania mchezo huu si mgeni. Wanaokumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990 wanajua ninachosema. Waislamu na Wakristo walikabiliana viwanjani na vipaza sauti vyao, baadhi yao wakivutiwa na Ahmed Deedat wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1986 alipambana na mhubiri Jimmy Swaggart kule Louisiana, Marekani. Mzungumzaji anataja kitabu, sura na mstari, msomaji anafungua na kusoma, umati unashangilia. Mstari umesomwa, mpinzani kanyamazishwa, twende mwingine!

Leo timu moja imebadilika, lakini mpira unaochezwa ni ule ule.

Sitaki kukwambia mimi niko upande gani. Nikikwambia utaacha kusoma hoja na kuanza kunihesabia jezi. Ninachotaka kusema ni kwamba mahasimu hawa wawili, pamoja na kutukanana kote, wanaamini jambo moja kwa pamoja. Wanaamini kwamba mstari mmoja wa Biblia ukichomolewa na kusomwa peke yake, unajieleza wenyewe. Mmoja anauchomoa aoneshe kwamba Biblia ni ya kishenzi, mwingine anauchomoa aoneshe kwamba Mungu kasema na mjadala umefungwa. Imani yao juu ya mstari ni ile ile, na mimi nadhani imani hiyo ni ya hatari kuliko ukanamungu na ulokole vikiwekwa pamoja.

Nifafanue kwa kutumia kazi yangu. Katika chumba cha habari ukimpelekea mhariri nukuu tamu bila kusema kaitoa nani, alikuwa anamwambia nani na wewe umeipata wapi, atakurudishia karatasi yako. Hata kama nukuu ni ya kweli, atakurudishia. Anajua kwamba maneno ya mtuhumiwa yakiandikwa kana kwamba ni ya hakimu, gazeti limedanganya ingawa halikubadilisha herufi hata moja.

Sasa tuipeleke kanuni hiyo kwenye Biblia. Kuna andiko la Ayubu 22:21, linalomhimiza mtu amjue Mungu sana ili apate amani. Nani hajawahi kulisikia? Linahubiriwa, linabandikwa kwenye vioo vya daladala. Lakini anayesema hapo ni nani? Ni Elifazi, rafiki yake Ayubu, na katika sura hiyo hiyo anamtuhumu mgonjwa kwamba mateso yake yametokana na kuwanyanyasa wajane na yatima. Ukienda hadi sura ya 42, Mungu mwenyewe anamkasirikia Elifazi na wenzake kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake. Sisemi ushauri wa kumjua Mungu ni mbaya. Nasema huyo shahidi, kwa mujibu wa kitabu kile kile, alikemewa. Ni wangapi wanaolinukuu wanaojua hilo?

Wakanamungu nao wasicheke mapema. Andiko wanalolipenda sana ni la Marko 16:18, kuhusu waamini kushika nyoka na kunywa vitu vya kufisha bila kudhurika. Wanamwambia mlokole: haya, sumu hii hapa, kunywa tuone! Mlokole anababaika, au anasema tusimjaribu Mungu, na watazamaji wanaangua kicheko. Jambo la maana linapita katikati yao bila mtu kuligusa. Katika nakala mbili mashuhuri za Kigiriki za karne ya 4, ile iitwayo Sinaiticus na ile ya Vatikani, Injili ya Marko inaishia mstari wa 8. Nyoka na sumu havimo. Tafsiri nyingi za kisasa huiwekea mistari inayofuata mabano au maelezo chini ya ukurasa, na wasomi wengi wa Biblia, wakiwemo Wakristo wenyewe, wanaona kwamba iliongezwa baadaye.

Mtu anaweza kuuliza, kwani hilo lina umuhimu gani? Muulize George Hensley, mhubiri wa Marekani aliyeeneza ibada za kushika nyoka katika milima ya Appalachia. Ingekuwa vizuri kumuuliza, ila haiwezekani. Alikufa mwaka 1955 baada ya kuumwa na nyoka akiwa ibadani.

Tuje kwenye swali la utumwa, maana hapo ndipo wakanamungu wana hoja nzito na Wakristo wengi wanakimbia. Kutoka 21 inazungumzia kumnunua mtumwa, na inasema bwana akimpiga mtumwa wake asipofariki papo hapo bali akakaa siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa sababu mtumwa ni mali yake. Uisome kwa muktadha, uisome bila muktadha, maneno yako pale. Mkristo anayejibu kwamba ule ulikuwa utumwa wa upole tu anajidanganya, na anamdharau anayeuliza. Kwetu sisi swali hili si la vitabuni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash akiwa amebanwa na Waingereza, na mahali lilipokuwa pakajengwa kanisa la Kianglikana la Mkunazini chini ya Edward Steere, mmoja wa watafsiri wa mwanzo wa Biblia kwa Kiswahili. Mzungu yule alisoma Kutoka 21 kama wengine, na bado aliupinga utumwa.

Wengine walisoma kitabu hicho hicho wakafika kwingine. Mwaka 1845 Wabaptisti wa kusini mwa Marekani walijitenga na wenzao wa kaskazini kwa sababu ya utumwa, wakaanzisha umoja wao. Waliomba radhi mwaka 1995, yaani miaka 150 baadaye. Na mwaka 1807 ilichapishwa London Biblia maalumu kwa ajili ya watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Walioiandaa waliondoa habari za Waisraeli kutoka utumwani Misri. Walijua kabisa ni kurasa zipi zingewaamsha watu wao.

Hapa mkanamungu anapaswa kujiuliza: kama Biblia ni kitabu cha kutetea utumwa tu, wale wenye watumwa waliogopa nini hata wakaikata? Na Mkristo ajiulize: kama Biblia inajieleza yenyewe, iliwezekanaje watu waliokuwa wakiomba kila siku waisome kwa miongo na miongo huku wakimiliki binadamu wenzao? Haya ndiyo maswali ningependa kuyasikia yakijadiliwa. Siyasikii, kwa sababu hayampi mtu goli.

Najua nitakachoambiwa. Mkanamungu atasema, "Hilo neno muktadha ndiyo mwavuli wenu, mvua ikinyesha tu mnaufungua." Mara nyingi ana haki ya kusema hivyo. Lakini kuuliza nani kasema na kwa nani si kutafuta upenyo. Wakati mwingine jibu linalikandamiza andiko zaidi, kama tulivyoona kwenye Kutoka 21. Kanuni nzuri ni ile inayokuumiza hata wewe unayeitumia.

Mkristo naye atasema, "Neno la Mungu halihitaji kuhojiwa na mwandishi wa magazeti." Ndugu yangu, soma Mathayo 4. Anayenukuu Zaburi 91 pale juu ya mnara wa hekalu ni Ibilisi. Hakuibadilisha maana ya kila neno, aliichomoa tu akaitumia kumwambia Yesu ajirushe chini. Na katika Matendo 17 watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku waone kama waliyoambiwa na Paulo ni kweli. Kama Paulo alichunguzwa, mchungaji wako ni nani?

Sasa nieleze kwa nini nasema jambo hili lina hatari. Tarehe 17 Machi 2000, kule Kanungu nchini Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa la kikundi kilichojiita harakati ya kurejesha Amri Kumi za Mungu. Moja ya amri hizo inakataza kuua. Mwezi Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto walikuwa wengi. Waendesha mashtaka wanadai kwamba mhubiri Paul Mackenzie aliwahimiza wafuasi wake wafunge hadi kufa ili wakakutane na Yesu. Yeye alikana mashtaka hayo, na kuamua ni kazi ya mahakama. Lakini wale watoto hawakushindwa mjadala wowote. Walikuwa na wazazi ambao hawakuwahi kufundishwa kumuuliza mhubiri: hapo anayesema ni nani, na una uhakika gani kwamba anasema na mimi?

Kila mjadala tunaouendesha kwa kurushiana mistari unawafundisha maelfu wanaotutazama kwamba hivyo ndivyo Biblia inavyosomwa. Mkanamungu anapomwambia mwenzake "Mkristo wa kweli lazima afuate kila mstari neno kwa neno," anarudia mahubiri ya watu wa msituni bila kujua. Mlokole anapomwambia anayehoji kwamba haelewi kwa kuwa hana Roho, anampokonya muumini wake mwenyewe silaha pekee ambayo ingemwokoa siku akikutana na mchungaji muongo.

Wala dawa si kuwanyamazisha wanaohoji. Jumuiya ya wakanamungu wa Kenya ilisajiliwa mwaka 2016, ikasimamishwa mwaka huo huo, na ikabidi wenyewe waende mahakamani. Imani inayomhitaji msajili wa vyama aitetee imeshakiri kwamba ni dhaifu. Mimi nataka wahoji, tena wahoji zaidi ya hapo, lakini wasome sura nzima kwanza. Na waamini wajibu kwa kusoma sura nzima, hata ile inayowatia aibu.

Kwa hiyo safari nyingine mtu akikurushia mstari, awe mchungaji au mkanamungu, usikimbilie kutafuta wa kumrudishia. Muombe asome mistari kumi kabla ya huo na kumi baada yake, kwa sauti, mbele za watu. Ukiona hataki, basi umeshajua alichokuwa anakificha.