Kumfahamu Jirani ni Sehemu ya Kumtendea Haki





Mara nyingi ugomvi unapofikishwa mbele ya viongozi wa jumuiya, huwa umekwisha kukomaa. Kila upande umekwisha kuandaa mashahidi wake, na neno la kuomba radhi limekuwa zito kutamkika. Lakini ukichimbua mizizi yake, aghalabu huikuti chuki. Unamkuta mtu aliyedhani anamjua mwenzake, akamhukumu kabla ya kumsikiliza.

Wapo wanaodhani kwamba kuelewana ni jambo la hulka njema tu: mwenye moyo mpole ataelewana na watu, na mwenye hasira atagombana nao. Sisi twapenda kusema zaidi ya hapo. Kumfahamu mtu ni wajibu wa haki. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Nawe utampaje mtu kilicho chake ikiwa huijui hali yake, jasho lake wala hofu yake?

NCHI YA WATU WALIOKUTANA

Wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa ni makao ya Wamwera, Wamakua, Wamakonde, Wayao, Wangindo na wengine wengi. Historia yetu ni historia ya watu kukutana, na si mara zote walikutana kwa amani. Mwaka 1882 vikosi vya Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, viliivamia Masasi. Miaka ya 1905 hadi 1907 Vita vya Maji Maji viliacha njaa na makaburi kusini kote. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga kwa matrekta, na Nachingwea ikajaa vibarua kutoka pande nyingi. Mpango ule ulivunjika mwaka 1951. Hata reli iliyojengwa kwa ajili yake ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi wa waliokuja walibaki, nao leo ni wenyeji.

Tangu mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walikuwa na kambi yao Nachingwea, na wazee wetu waliishi nao hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Katika miaka hiyo hiyo Operesheni Vijiji iliwakusanya watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, wakajikuta majirani bila kuchaguana. Hata Jimbo letu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Jimbo la Nachingwea na kuitwa Jimbo la Lindi tangu mwaka 1986, limekuzwa na wenyeji na wageni kwa pamoja.

Watu hawa waliwezaje kukaa pamoja? Mojawapo ya hekima walizotuachia ni utani. Makabila yaliyowahi kupigana, au yaliyokutana katika njia za misafara, yaliugeuza uadui kuwa mzaha wenye wajibu ndani yake. Mtani hufika msibani, akashughulika na kazi nzito, akawachekesha waliofiwa. Mtani aweza kumwambia mzee mkaidi ukweli ambao mwanawe hathubutu kuutamka, na mzee asikasirike. Utani ulikuwa mlango wa kupitishia ukweli bila kuvunja nyumba. Yasikitisha kwamba siku hizi wengine hulitumia jina hilo kuwatukanisha watu kwa kabila lao. Tusi lisilokuwa na wajibu wa kumzika unayemtukana si utani hata kidogo.

MWINDAJI NA MCHUNGAJI

Yafaa tutambue kwamba zipo namna mbili za kumjua mtu. Mwindaji anamjua mnyama: anazijua njia zake, kiu yake na saa ya kuchoka kwake. Mchungaji naye anamjua kondoo wake. Wote wawili wana maarifa. Tofauti ni kwamba mmoja anayatumia kuua, na mwingine kulisha.

Tuichukue biashara ya kangomba. Katika miezi ya kifuku akiba ya nyumbani huwa imekwisha na palizi inangoja. Mtoto anahitaji sare na madaftari, mgonjwa anahitaji nauli ya kwenda hospitali. Ndipo jirani mwenye fedha huja na kununua korosho iliyo bado mtini kwa bei ya kusikitisha. Wakati wa mavuno hupeleka magunia yale mnadani, akapata mara nyingi ya kile alichotoa. Mtu huyu anamjua jirani yake vizuri mno, hata siku ambayo chungu chake hakikuinjikwa. Lakini anamjua kama mwindaji.

Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuhakiki mashamba ya wauzaji, suala la kangomba lilizungumzwa nchi nzima. Lakini sheria na uhakiki pekee haviwezi kuiondoa. Kangomba hustawi pale mwenye njaa anapokosa jirani mwingine wa kumwendea.

NYUMBANI BAADA YA MNADA

Tukiingia ndani ya nyumba zetu, tunakuta kwamba ufuta na korosho vimeleta neema, na neema imeleta mtihani. Mke amefyeka, amepalilia, ameokota korosho jua likimchoma mgongoni. Mauzo hupitia chama cha msingi, na malipo huingia katika akaunti yenye jina la mtu mmoja, aghalabu mume. Mke hajui ni kiasi gani kimelipwa. Anaona tu kwamba mume amechelewa kurudi kutoka mjini. Baada ya siku chache yanasikika maneno ya mke mwingine, na watoto wanabaki na wasiwasi.

Jambo hili ni dhuluma, nasi hatuna budi kuliita kwa jina lake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Nayo Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilitamka kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Basi asitokee mtu kusema kwamba mke aliyepika, aliyelea na aliyeokota hana chake katika korosho.

Hata hivyo, tukitaka kuiponya nyumba, hatuna budi kuisikiliza hofu ya mume pia. Kwa desturi za kale za makabila yetu mengi ya kusini, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mwanamume akioa huenda akalima katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Wapo wanaume wanaojiuliza moyoni: "Mikorosho hii niliyoipanda, siku nikiondoka itakuwa ya nani?" Hofu hiyo haisemwi mezani, badala yake fedha hufichwa. Mke huona uchoyo, mume huona hatari, na hakuna anayejua kinachomsumbua mwenzake. Hofu ya mume haimpi ruhusa ya kumnyima mkewe haki yake, lakini isiposikilizwa itarudi kila msimu.

JIRANI MWENYE NG'OMBE

Mtihani mwingine ni wa wakulima na wafugaji. Mwaka 2006 Serikali iliamua kuwaondoa wafugaji katika mabonde ya Usangu na Ihefu ili kuyaokoa maji ya Mto Ruaha Mkuu. Wengi walielekezwa Mikoa ya Pwani na Lindi. Sehemu kubwa ya nchi yetu ilikuwa na ng'ombe wachache kwa sababu ya mbung'o, hivyo watu wetu hawakuwa na mazoea ya kuishi na makundi makubwa ya mifugo.

Mkulima huamka asubuhi akakuta mbaazi zimelala chini. Kazi ya mwaka imepotea kwa usiku mmoja. Hasira yake ina msingi. Mfugaji naye amehamishwa kutoka mbali, hajui mipaka ya vijiji, anatafuta maji, na pengine aliyeachiwa kundi ni kijana mdogo wa kukodiwa. Kila mmoja anayo simulizi ya kweli, lakini kila mmoja anaisimulia kwa watu wa upande wake tu. Simu ya mkononi imeliongeza tatizo hili. Hatuna neno baya juu ya simu inayotuletea sauti ya mwana aliye Dar es Salaam, wala inayotuma fedha za dawa kwa bibi. Lakini ujumbe wa maandishi hauna uso. Picha ya shamba lililoharibiwa husambazwa vijiji kumi kabla mwenye ng'ombe hajaulizwa hata swali moja.

Kumfahamu mfugaji si kumfutia deni. Mazao yaliyoliwa yafanyiwe tathmini na kulipwa. Na kumfahamu mkulima si kumruhusu achukue panga. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake, ili wananchi wasuluhishwe karibu na nyumbani kwao. Migogoro ya mipaka ya mashamba na malisho na ipelekwe huko. Baraza likikaliwa na watu waoga au wenye kununulika, ni kosa letu sote tuliowachagua na kunyamaza.

TUFANYE NINI?

Bwana wetu, katika Injili ya Mathayo sura ya 18, ametuonyesha utaratibu. Ndugu akikukosea, umwendee kwanza wewe peke yako; asiposikia, uchukue mmoja au wawili; asiposikia tena, ndipo jambo lifike mbele ya kanisa. Sisi mara nyingi tunaugeuza utaratibu huu: tunaanza kwa kulitangaza kanisani na kisimani, na aliyekosa huwa wa mwisho kuambiwa.

Tume inapendekeza kwa jumuiya ndogo ndogo mambo haya manne.

Kwanza, mgogoro usijibiwe kwa ujumbe wa simu. Mtu aende, aketi, atazamane na mwenzake. Na katika usuluhishi, kabla mtu hajajitetea, aseme kwanza alichokisikia kwa mwenziwe, hata mwenziwe akiri: "Ndivyo nilivyosema." Zoezi hili ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda.

Pili, kila familia ifanye kikao kabla ya msimu wa mauzo. Mume na mke waandike madeni ya pembejeo, mahitaji ya watoto, akiba ya kifuku, na haki ya kila mmoja. Fedha iliyopangiwa kazi kabla haijafika haileti ugomvi kama ile inayofika ghafla. Viongozi wa WAWATA na wasimamizi wa ndoa wawasaidie vijana waliooana karibuni.

Tatu, jumuiya ianzishe akiba ya nafaka au ya fedha wakati wa mavuno, ili kifuku kikifika mwenye shida akopeshwe bila kuuza korosho iliyo mtini. Hii ndiyo namna ya kumjua jirani kama mchungaji.

Nne, tusiishie kwetu. Majirani zetu wengi ni Waislamu, nasi tunazikana, tunaoana na kulima pamoja. Masheikh, makatekista, wazee wa kijiji na wakuu wa wafugaji wakutane kabla ya kiangazi, wakati maji hayajawa haba, wakubaliane njia za mifugo na mahali pa kunyweshea. Baada ya damu kumwagika, mkutano huo huo utakuwa mgumu mara kumi.

MASWALI YA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, ni nani anayezungumzwa sana lakini hajawahi kualikwa kuzungumza?

2. Je, mke na watoto katika nyumba zetu wanajua mazao yameuzwa kwa kiasi gani?

3. Mwenye njaa mwezi wa Februari ana nani wa kumwendea zaidi ya mnunuzi wa kangomba?

Wapendwa, Papa Paulo VI aliiwekea Siku ya Amani Duniani ya mwaka 1972 mada iliyoiambia dunia kwamba anayetaka amani hana budi kuitendea kazi haki. Kazi hiyo haianzii mahakamani wala bungeni. Inaanza pale unapokwenda kwa mtu uliyekwisha kumhukumu, ukaketi, ukamwacha amalize kusema. Wazee wetu waliweza kufanya utani na wajukuu wa wale waliowachomea vijiji. Haiwezekani sisi tushindwe kunywa maji na mwenye ng'ombe, au kumweleza mwenzi wetu wa ndoa bei ya korosho.

Tunawaombea nyote amani ya Kristo, katika nyumba zenu na katika vijiji vyenu.