KIJITI SI SHOKI

Najua katika jarida hili umezoea makala kuhusu nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa lugha yetu. Mimi leo nakuletea buti la gari. Usinicheke. Nipe dakika tano tu, halafu uhukumu mwenyewe.

Mjomba wangu ana Probox. Siku za soko huitumia kubebea akina mama mizigo kutoka upande wa Mitaboni hadi Marikiti, hapa mjini Machakos. Mama yangu ni mmoja wa wateja wake. Huuza matunda na sukuma wiki. Likizoni mimi ndiye utingo. Napakia, napakua, naosha gari.

Mlango wa nyuma wa Probox hufunguka kwenda juu. Hushikiliwa na vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande, ambavyo mafundi wetu huviita shoki za buti. Shoki zikiwa nzima, ukiuinua mlango kidogo tu unapanda wenyewe na kutulia huko juu. Za mjomba zilikuwa zimechoka. Mwanzoni mlango ulikuwa ukishuka polepole kama mtu anayesinzia. Baadaye ukawa hausimami kamwe, nami nikawa naushikilia kwa kichwa huku mikono ikipakua.

"Mjomba, hizi shoki zimekufa," nikamwambia.

"Hazijakufa, zimechoka tu. Enda utafute mti."

Nikaenda. Nikakata tawi la mkaratusi, nikalichonga kwa panga mpaka likanyooka, kisha nikalitoboa pengo upande mmoja ili liushike ukingo wa mlango. Mjomba akafurahi sana. "Wewe ni mtu wa Wamunyu kabisa!" akasema. Kama hujui, Wamunyu ndiko Mutisya Munge alikorudi na ufundi wa kuchonga vinyago baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akawafunza wenzake. Basi nikavimba kichwa. Kijiti kile kilikuwa kazi ya mikono yangu.

Kilitufaa miezi minne. Asubuhi moja ya mwezi wa nane, baridi ikiwa kali na ukungu umefunika vilima vya Iveti, mama aliinama butini kuvuta gunia la machungwa. Mkono mmoja ulikuwa kwenye gunia, wa pili ameuegemeza ukingoni. Gunia likakigusa kijiti. Kijiti kikaruka. Mlango ukaanguka wote kwa mara moja juu ya mkono wake, ukamvunja vidole viwili.

Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Machungwa, mwanangu. Okota machungwa."

Kwa wiki sita hakuweza kufunga fungu la sukuma wiki. Shule ilipofunguliwa ikabidi niwe nafika sokoni alfajiri kumpangia kibanda kabla ya kukimbilia darasani. Walimu wangu, sasa mnajua kwa nini jina langu lilikuwa halitoki kwenye orodha ya wachelewaji.

Majirani walikuja kutupa pole. Karibu kila mmoja alisema, "Ajali haina kinga." Ni hapo ndipo ninapotaka kubishana na wahenga, kwa heshima zote. Ajali hii ilikuwa na kinga. Kinga yenyewe huuzwa dukani, na bei ya shoki mbili mpya haikufika hata nusu ya pesa tulizotumia hospitalini, sembuse mauzo tuliyopoteza.

Hebu tutazame kile kitu chenyewe. Ndani ya shoki kuna gesi ya naitrojeni iliyofungiwa kwa shinikizo kubwa, pamoja na mafuta kidogo. Gesi husukuma fimbo ya chuma itoke nje, na fimbo huuinua mlango. Mafuta huzuia fimbo isiende kwa kasi. Mdomoni mna mpira unaozuia gesi isitoroke. Miaka ikipita, mpira huo huchakaa, vumbi letu la Ukambani likiusaidia, na gesi huvuja kidogo kidogo. Ukiona mafuta mafuta kwenye fimbo, jua safari yake iko ukingoni.

Baridi nayo huongeza balaa. Sisi wa kidato cha tatu tumesoma sheria za gesi. Tuseme adhuhuri halijoto ni nyuzi 27, yaani 300 kwa kipimo cha Kelvin, na alfajiri ni nyuzi 12, yaani 285. Piga hesabu: shinikizo limepungua kwa asilimia 5. Shoki nzima haitishiki na hilo. Ile iliyochoka huacha mlango umwangukie mtu, au huuongezea mzigo mti wako. Ndiyo maana mlango uliosimama mchana unaweza kukataa kusimama asubuhi.

Sasa linganisha na kijiti. Shoki inayokufa hukuonya. Hukuonya miezi mingi, mlango ukishuka leo kidogo na kesho kidogo. Kijiti hakionyi. Kinashika au hakishiki, hakuna katikati. Kosa letu lilikuwa hili: tulipokiweka, tuliona tumemaliza kazi. Kumbe tuliondoa onyo tukaacha hatari.

Na sisi si peke yetu. Simama stendi ya Machakos siku ya soko uangalie. Utaona mlango wa nyuma wa matatu umeegemezwa mpini wa ufagio, mwingine nondo, na mwingine kichwa cha makanga. Sababu haijifichi. Magari yetu mengi huja Kenya yakiwa yametumika Japani. Kanuni zetu hukataa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo mengi hufika yakiwa na miaka saba hivi, na shoki zake zina umri uo huo. Halafu sisi tunayaendesha miaka kumi zaidi. Shoki itakosaje kuchoka?

Tangu kanuni za Waziri John Michuki zianze kutekelezwa mwaka wa 2004, hata mtoto wa chekechea anajua habari ya mikanda na vidhibiti mwendo. Ni vizuri. Lakini sijawahi kusikia askari akiuliza, "Buti lako linasimama na nini?" Gari hutisha likiwa mbio, likiegeshwa tunadhani limelala. Mama alivunjwa vidole na gari lililozimwa injini.

Najua wenye magari watanijibu. Kwanza watasema, "Maisha ni magumu, bwana. Breki ndiyo ya lazima, buti baadaye." Kweli, breki itangulie. Lakini mjomba alipokuwa akingoja pesa za shoki, alinunua spika mpya za redio. Simshtaki, nampenda, na ndiye aliyetulipia nusu ya gharama za hospitali. Ninachosema ni kwamba mara nyingi pesa huwapo, ila kijiti hutusahaulisha.

Pili watasema, "Mbona boneti ya Probox yenyewe husimamishwa na chuma kutoka kiwandani?" Hoja nzuri. Lakini chuma kile kimefungwa upande mmoja, na upande wa pili kina tundu lake maalum la kuingia. Tawi langu la mkaratusi halikuwa na tundu wala bawaba. Na gari ambalo boneti yake hutumia shoki, ukiiegemeza mti, ni kichwa cha fundi kilicho chini yake.

Jambo lenyewe si gumu hata kidogo. Mimi na fundi mmoja wa jua kali tulilimaliza upesi. Mtu mzima mmoja aushikilie mlango muda wote. Kwa bisibisi bapa unainua kibanio kidogo kilicho kwenye kila ncha, shoki inachomoka, unasukumia mpya mpaka isikike "ta!" Badilisha zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mpya moja itausukuma mlango upande mmoja na kuupinda. Hakikisha urefu ni ule ule, na namba iliyoandikwa ubavuni mbele ya herufi N, yaani nguvu zake kwa Newton, ni ile ile. Fimbo nyembamba ielekee chini buti likifungwa, ili mafuta yaulainishe mpira. Usinunue ya mtumba. Huenda ni mzee kama ile unayoitoa. Na ile ya zamani usiitoboe wala kuitupa motoni, kwani gesi iliyobaki inaweza kuilipua.

Basi, enyi wanafunzi wenzangu, shime! Wengi wetu ndio tunaotumwa kutafuta mti. Ukitumwa, tafuta, lakini uliza pia, "Shoki tutanunua lini?" Mimi sikuuliza. Nilikuwa nikifurahia kusifiwa. Nanyi walimu wetu, mlio na magari pale chini ya mti karibu na ofisi, sitataja mtu. Nimeona mpini wa jembe ndani ya buti moja.

Shoki mpya za mjomba zinafanya kazi barabara. Vidole vya mama vimepona, ingawa kimoja hakikunjiki vizuri, hasa asubuhi za baridi. Kijiti changu sikukitupa. Kiko Marikiti, kinashikilia turubai la kibanda chake. Turubai likianguka halimvunji mtu.