Nywele Zina Mwenyewe

Watu husema ya kuwa nywele ni taji la mwanamke. Neno hili ni tamu masikioni, lakini ndani yake mna sumu. Taji huvaliwa na kuvuliwa, na mvaaji akabaki mtu yule yule. Bali mwanamke aliyetokwa na nywele hutazamwa kana kwamba amepungukiwa na utu. Mwanamume mwenye kipara husifiwa kuwa ana busara au mali; mwanamke mwenye kipara huchekwa. Katika insha hii nataka kuteta na watu wa namna tatu: wasukao kwa ukatili, wauzao chupa za uongo, na wachekao.

Nianze na nafsi yangu. Nilipokuwa chuoni nikijifunza ualimu nilipenda kusukwa nywele ndogo ndogo, zikivutwa mpaka nyusi zikapanda, na usiku nikimeza vidonge vya maumivu nipate kulala. Nilipolalamika, msusi alinijibu kuwa urembo una gharama yake. Nilimwamini. Miaka ikapita, nikajifungua mtoto wangu wa kwanza. Alipotimiza miezi mitatu, nywele zilianza kutoka kwa vishungi kila nilipotia kitana, na pembeni mwa paji la uso pakabaki patupu. Nikanunua mafuta kwa muuzaji aliyeapa kuwa yataotesha nywele kwa siku 7. Siku 7 zikapita, na nyingine zikafuata. Kilichoota ni deni.

Laiti ningalijua wakati ule niyajuayo sasa! Kichwa cha mtu kina nywele zipatazo 100,000, na kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Unywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Basi anayeahidi kichwa kilichojaa kwa siku 7 anaahidi lisilowezekana. Nywele zitokazo kwa sababu ya uzazi, homa kali au msiba huanza kutoka miezi miwili au mitatu baada ya tukio lenyewe, na mara nyingi hurudi zenyewe kabla mwaka haujaisha. Mwili hufanya kazi, na mwenye chupa hupokea ujira. Lakini nywele zilizovutwa miaka na miaka, au ngozi iliyounguzwa mara kwa mara kwa dawa kali za kunyosha nywele, ni habari nyingine. Mizizi ikisha kuwa kovu, hapana mafuta yatakayoifufua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hauna mwashi.

Basi tufanyeje? Mmea ukinyauka, mkulima mwenye akili hapaki majani rangi, hutazama udongo. Nywele nazo zina mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kutazamwa kwanza. Je, damu yake inatosha? Wanawake wengi hupungukiwa na madini ya chuma kwa sababu ya hedhi na uzazi, na nywele zao hudhoofu. Maharagwe, dengu, omena, maini na mboga za majani huyarudisha; chungwa moja baada ya chakula huusaidia mwili kuyapokea, lakini chai inywewayo pamoja na chakula huyazuia. Sisi tusiokula bila kikombe cha chai kando na tujiulize! Je, tezi ya shingo inafanya kazi yake? Je, mabaka ya kichwani ni choa, ambacho hutaka dawa ya hospitali? Je, mtu huyu analala? Ana jambo gani moyoni?

Wako watakaonijibu, “Mwalimu, unadharau dawa za bibi zetu?” Sidharau. Mafuta ya nazi huulainisha unywele na kuupunguzia kukatika, na mkono wa mama ukandao kichwa taratibu hutuliza moyo. Lakini mafuta hayaongezi damu, wala hayaponyi tezi. Vile vile daktari aandikaye dawa bila kuuliza habari za msusi, za jikoni na za msiba ameona nusu ya mgonjwa. Tiba iliyo kamili haimchagulii mtu kati ya hospitali na nyumbani. Huviunganisha vyote viwili. Wale watumiao neno “asili” ili kumzuia mwanamke asipimwe damu yake wameliiba neno lisilo lao.

Nimebakiwa na wachekao. Machi 2022, katika sherehe ya tuzo za Oscar huko Los Angeles, mchekeshaji alifanya mzaha juu ya kichwa kilichonyolewa cha Jada Pinkett Smith, mwanamke aliyekuwa amekwisha sema wazi mwaka 2018 kuwa nywele zinamtoka. Mumewe alimpiga mchekeshaji kofi. Kofi lile silitetei. Lakini dunia nzima ilijadili kofi, wachache wakajadili kicheko. Na kicheko ndicho kimfanyacho mwanamke afunge kitambaa na kukaa kimya. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini nani aliyemfundisha kuficha, kama si sisi? Ayanna Pressley, mbunge wa Marekani, alionyesha hadharani kichwa chake kisicho na nywele Januari 2020, na hakupungua kitu.

Nywele zangu zilirudi, isipokuwa pale zilipovutwa sana. Siku hizi husuka twende kilioni iliyolegea, nami husimama mbele ya darasa bila kitambaa. Binti, msusi akikuumiza, inuka. Maumivu si gharama ya urembo, ni onyo. Kijana, ukiona kichwa kitupu cha dada yako, zuia ulimi wako. Nasi sote tukumbuke: nywele zina mwenyewe, na mwenyewe ana thamani kuliko nywele.