HALI YA HEWA: JUA LA APRILI LISITUHADAE

Juma lijalo majira ya kuchipua yangali yakishindana na baridi kandokando ya Ziwa Superior. Mjini Duluth, joto la mchana mwezi Aprili hukaribia wastani wa nyuzi 9 za sentigredi, na usiku hushuka hadi kiwango cha kuganda. Upepo wa mashariki hupita juu ya maji baridi. Hivyo ufukweni watu hutetemeka ilhali mlimani wamevua makoti. Watoto wachukue sweta hata jua likiwaka.

Aidha, barafu iliyosalia katika maziwa madogo huwa imeoza kwa ndani, ijapokuwa yaonekana nene. Asiikanyage mtu. Maji yaliyo chini yake humlegeza hata mwogeleaji hodari kwa dakika chache. Wazazi, tuwaonye watoto leo, kabla hawajatoka kucheza.