Kadi Mfukoni, Fedha Mezani

Wapo wenzetu wa Rukuba wanaovuka ziwa kwenda Musoma kutafuta ushauri nasaha, nao humlipa mnasihi fedha taslimu hali kadi ya bima wanayo mfukoni. Si foleni wanayoikimbia. Wanaogopa jina lao kuandikwa pamoja na maneno "ugonjwa wa akili", na habari hiyo kufika mwaloni kabla yao.

Hofu hiyo tusiicheke. Kisiwa ni kidogo, na ndimi zetu, hata sisi viongozi wa jumuiya, ni nyepesi.

Lakini tutazame gharama yake. Mwaka 2018 Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, ukigharimia matibabu tangu zahanati hadi hospitali ya mkoa. Mjane anayelipia kila kikao kwa fedha ya dagaa huacha baada ya vikao viwili, kidonda kikiwa wazi. Mwenye nyavu nyingi huendelea. Usiri umekuwa bidhaa, na maskini hana cha kuinunulia. Hapo ndipo tunapoona dhuluma.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kadi peke yake haitoshi. Tunadai chumba chenye mlango unaofungwa, na mtumishi atoaye siri awajibishwe. Halmashauri za walei ziulize katika kila zahanati, zikianza na zile za Kanisa: ufunguo wa kabati la mafaili anao nani?