Umri wa gari upimwe kwa kipimo kimoja

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, gari ndilo ununuzi mkubwa kuliko yote baada ya kiwanja na nyumba. Fedha yake hutoka kwenye mkopo wa chama cha akiba, kiinua mgongo cha mstaafu, mauzo ya mahindi na ng'ombe, au kwa ndugu aliye ughaibuni. Hata hivyo, mtu aliyedunduliza shilingi au faranga zake kwa miaka, siku ya kununua hulazimika kuamini mambo matatu ambayo hana njia rahisi ya kuyathibitisha: umri wa gari, kilomita lilizotembea, na kama liliwahi kupata ajali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki sasa ina nchi wanachama nane. Ina umoja wa forodha tangu 2005 na soko la pamoja tangu 2010. Bandari za Mombasa na Dar es Salaam ndizo mlango wa magari yanayopelekwa Kampala, Kigali, Bujumbura, Goma na Juba. Njia ya magari hayo ni moja, lakini sheria zinazoyapokea kila upande wa mpaka ni tofauti. Pengo hilo humgharimu mnunuzi fedha, na barabarani huweza kumgharimu maisha.

Tuchukue suala la umri. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililozidi miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya 2018, ilizuia magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe, na huyatoza tozo ya mazingira yale ambayo hayajafika ukomo huo lakini yamekwisha kuchakaa. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Yenyewe hutoza ushuru wa ziada gari likifika miaka minane, na huupandisha kadiri gari linavyozidi kuzeeka.

Kila nchi ina sababu zake, na hakuna ubaya katika hilo. Tatizo ni kwamba hata neno "umri" halina maana moja. Gari lililotoka kiwandani Novemba 2016 na kusajiliwa Japani Februari 2017 ni gari la 2017 kwa hesabu ya Kenya, lakini kwa Uganda na Tanzania, zinazotazama mwaka wa kutengenezwa, ni gari la 2016. Mwaka huo mmoja unaweza kuamua kama gari litaingia au litazuiwa, na kama mmiliki atalipa ushuru wa kawaida au wa ziada. Wapo wanunuzi wanaogundua tofauti hiyo gari likiwa limeshafika bandarini, gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku.

Hapo ndipo bei ya kwenye mtandao inapowapoteza wengi. Mnunuzi huona dola chache kwenye tovuti ya muuzaji wa Japani akadhani amepata nafuu. Mamlaka za mapato, kwa mfano za Kenya na Tanzania, zina viwango vyao vya thamani ya kila aina ya gari, na kodi hukadiriwa kwa viwango hivyo hata kama risiti ya muuzaji inaonyesha bei ya chini zaidi. Mwenye busara hupiga hesabu ya kodi kwanza, akaongeza gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na bima, ndipo akatuma fedha.

Kilomita ni fumbo jingine. Gari likiwa Japani, historia yake hujulikana vizuri. Gari dogo jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama za ukaguzi huo ni moja ya sababu za Wajapani wengi kuuza magari ambayo bado yana nguvu. Likitolewa nchini humo hupewa cheti cha kusafirisha nje, chenye namba ya chasisi, mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, na kilomita zilizoonekana kwenye ukaguzi. Kama lilipitia mnadani, huwa pia na karatasi ya mnada inayoonyesha daraja la gari na sehemu zilizogongwa au kurekebishwa.

Anayeagiza gari mwenyewe anaweza kudai karatasi hizo. Lakini anayenunua kwenye yadi ya Kampala au Bujumbura mara nyingi huoneshwa gari lililooshwa na kung'arishwa, huku karatasi za asili zikiwa zimebaki kwa wakala au kwenye majalada ya forodha. Kurudisha nyuma mita ya kilomita ni kazi ya dakika chache kwa mwenye kifaa. Gari lililotembea kilomita 180,000 huuzwa kama lililotembea 70,000, na mnunuzi huja kujua ukweli giaboksi inapoanza kugoma.

Mpaka hali hiyo ibadilike, mnunuzi ana kazi ya kujilinda. Adai nakala ya cheti cha kusafirisha nje na kulinganisha namba ya chasisi iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye bodi. Atazame usukani, mpira wa pedali ya breki na kiti cha dereva: vikiwa vimelika sana ilhali mita inasoma kilomita chache, kuna jambo. Asome tarakimu nne zilizo ubavuni mwa tairi. Tarakimu 2319, kwa mfano, maana yake ni tairi la wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka mingi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likapasuka kwenye mwendo na joto. Zaidi ya yote, aende na fundi wake mwenyewe, asikubali fundi aliyeletwa na dalali.

Nchini Kenya, mnunuzi anaweza kulipia ada na kupata taarifa za gari kutoka kwa mamlaka ya usafiri na usalama, aone mmiliki ni nani na kama gari ni dhamana ya mkopo. Huduma hiyo ni nzuri, ila inahusu rejista ya nchi moja. Gari likivuka mpaka na kupewa namba mpya, mnunuzi wa upande wa pili huanza na ukurasa mtupu.

Mpaka unaleta hatari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Kwa hiyo nchi tano kati ya nane zinaendesha kulia, ilhali soko kubwa la magari yaliyotumika linaloulisha ukanda huu ni Japani, ambako magari yana usukani wa kulia kwa sababu wao huendesha kushoto. Rwanda ilizuia uingizaji wa magari ya usukani wa kulia tangu 2005. Burundi na mashariki mwa Kongo, magari hayo yamejaa barabarani.

Dereva wa gari la namna hiyo, akiwa kwenye barabara ya kulia, hukaa upande wa ukingo wa barabara. Akiwa nyuma ya lori hawezi kuona kinachokuja mpaka atoe karibu gari zima kwenye njia ya wenzake. Taa zake za mbele nazo zimetengenezwa kumulika zaidi kushoto, hivyo hata akizipunguza usiku huwachoma macho wanaokuja mbele yake. Basi dogo aina ya Hiace lililotoka Japani lina mlango wa abiria kushoto. Likisimama kwenye barabara ya kulia, mama mwenye mtoto mgongoni hushukia katikati ya magari badala ya kushukia pembeni. Hilo halihitaji ajali itokee ndipo lionekane kuwa ni kosa.

Dereva anayevuka Rusumo, Gatuna au Kobero hubadilisha upande pale pale mpakani, na mara nyingi mita za kwanza hazimpi shida kwa kuwa alama zipo na akili iko macho. Hatari huja baadaye: anapotoka kituo cha mafuta alfajiri, anapofika mzunguko usio na magari, au anapoingia barabara ya vumbi isiyo na mstari. Hapo mazoea humrudisha upande wa kwao. Mwenye usukani usiolingana na barabara anapaswa kukaa mbali na lori lililo mbele ili aone zaidi, aache kulipita mpaka apate sehemu iliyonyooka na ndefu, na asimwachie abiria uamuzi wa "pita, hakuna gari."

Kabla ya kufika mpakani, asisahau Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo huendeleza bima ya mtu wa tatu katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Tanzania imo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Kadi hiyo hulinda wale ambao dereva amewadhuru. Mwenye gari asidhani kwamba kwa kadi hiyo pekee gari lake nalo litatengenezwa. Kibali cha forodha cha kuingia kwa muda nacho kina tarehe ya mwisho, na kuipitisha ni kujitafutia adhabu.

Matunzo nayo yana somo la kikanda. Magari haya yalitengenezwa kwa barabara za lami na gereji zenye vifaa. Huku kwetu yanakutana na vumbi la Turkana, joto la Dar es Salaam na miteremko ya Kitonga, Sachang'wan na ile ya kushukia Bujumbura. Kujaza rejeta maji ya bomba badala ya maji maalumu ya kupoozea ni kukaribisha kutu ndani ya injini. Kuweka mafuta ya kawaida ya gia otomatiki kwenye giaboksi ya CVT, ambayo ina mafuta yake, ni kuiua polepole. Gari la haibridi kama Toyota Aqua lina feni ya kupooza betri karibu na kiti cha nyuma, na vumbi likiziba njia yake ya hewa betri hupata joto na kufa mapema. Kwenye mteremko mrefu, gia ndogo ndiyo inayoshikilia gari. Dereva anayekanyaga breki kuanzia juu hadi chini atazikosa siku atakapozihitaji.

Yote hayo ni wajibu wa mwenye gari. Lakini serikali zina wajibu wao pia, na si lazima uwe wa kupiga marufuku. Ukomo mmoja mkali kwa nchi zote ungewanyima usafiri walimu, wauguzi na wafanyabiashara wadogo ambao gari jipya hawaliwezi, na ungezitikisa bajeti zinazotegemea kodi ya magari. Kila nchi inaweza kubaki na kiwango chake cha kodi. Kinachodaiwa ni kipimo kimoja cha umri, ili mwaka wa gari usibadilike kwa kuvuka mto.

La pili ni rekodi moja. Namba ya chasisi na kilomita ziandikwe gari linaposhuka bandarini, ziandikwe tena kila linapouzwa au kusajiliwa upya, na mnunuzi wa nchi yoyote mwanachama aweze kuziona kwa ada ndogo. Hili si jambo la kuanza na msingi mtupu. Namba za chasisi tayari zimo kwenye mifumo ya forodha, na tangu 2014 mamlaka za mapato za ukanda huu zimekuwa zikibadilishana taarifa za mizigo chini ya Himaya Moja ya Forodha. Kinachokosekana ni kumfungulia mwananchi dirisha.

La tatu ni usukani. Nchi zinazoendesha kulia na bado zinapokea magari ya usukani wa kulia ziweke angalau masharti mawili ya kuanzia: taa za mbele zibadilishwe kabla ya usajili, na basi la abiria lisipewe leseni kama mlango wake unafungukia katikati ya barabara.

Jumuiya iliweza kukaa mezani na kutunga sheria ya mwaka 2013 ya udhibiti wa uzito wa magari, ikakubaliana kwamba lori lisizidi tani 56, kwa sababu lori lililozidi huharibu barabara ya kila nchi linakopita. Gari dogo lenye mita ya uongo nalo huharibu akiba ya kila nyumba linakopita, kutoka mmiliki mmoja hadi mwingine, kutoka nchi moja hadi nyingine. Mawaziri wa uchukuzi na fedha wa nchi wanachama walipe suala hili uzito kama ule walioupa lori. Mwananchi anayenunua gari Kampala ana haki ya kujua kile ambacho forodha ya Mombasa ilikwisha kukiandika.